Msumari wa Sita

Dirisha nililiziba mwenyewe, kwa misumari sita,
juma lile wezi walipobeba redio ya jirani
na mvua ya Cimpunda ilipozoea kuingia hadi kitandani.
Nikajisifu: sasa tumepata nyumba.
Mbao, bati, turubai kwa ndani,
watu saba na pumzi moja.

Kisha shemeji Murhula akarudi kutoka machimbo ya Kamituga.
Dhahabu hana. Kikohozi anacho.
Nsimire, miaka minne, alimpenda papo hapo,
akawa analala juu ya kifua chake, sikio chini:
"Baba, mjomba ana kuku ndani."
Tulicheka.
Mungu anisamehe, tulicheka sana.

Kituoni walimpa kopo ateme.
Jibu lilipotoka, muuguzi alimwandikia dawa,
kisha akanigeukia mimi:
"Watoto wanalala wapi?"
Nilifungua mdomo. Nikafikiria lile dirisha.

Basi tukapewa dawa ya mtoto asiyeumwa.
Kila asubuhi, miezi mitatu,
vidonge vinayeyuka ndani ya kijiko cha maji.
Majirani: "Mnamnywesha nini mtoto mwenye mashavu hivi?"
Nikawajibu kwa sauti ya mtu anayejua:
"Mlima haungojwi uporomoke ndipo mfereji uchimbwe."
Wakanyamaza, maana kilima chetu wanakijua.

Lakini siku ya kumi na tisa nilisahau.
Nasema uongo. Sikusahau.
Alilia, akakaza meno, nami nilichelewa kazini,
nikaimwaga dawa mlangoni.
Jioni M'Rugendo alitazama ile alama nyeupe kwenye udongo,
akanitazama mimi,
akachukua kijiko bila kusema neno.
Afadhali angenitukana.

Mkojo ukawa wa rangi ya chungwa.
Muuguzi alituonya, hata hivyo nilishtuka.
Nsimire hakushtuka. Alipanda ngazi za kilima akipiga kelele,
akiita watoto wa nyumba zote:
"Njooni muone! Nakojoa Fanta!"
Wakaja. Wakaona. Wakamwonea wivu.

Usiku ule nilichukua nyundo.
Wa kwanza ulitoka, wa pili, wa tatu kwa matusi,
na upepo wa ziwa ukaingia
ukiwa na harufu ya sambaza na makala ya watu.
Baridi, ndiyo. M'Rugendo akaongeza blanketi.
Mwenye nyumba akasema nimeharibu ukuta wake.
Mwizi? Akija atatukuta macho:
Murhula bado anakohoa, ingawa siyo kama zamani,
analala peke yake chini ya dirisha,
na Nsimire, akiwa mlangoni, anamuuliza kila usiku
kama kuku wameshalala.
"Wamebaki wawili," anamjibu.

Ninachora mistari ukutani kwa kaa la makala.
Leo ni wa sitini na mbili.
Msumari wa sita uligoma kutoka, umeota kutu ndani ya mbao.
Nimeuacha.
Tumetundika hapo mfuko wa dawa.