Kisogo cha Akeyo

Jumamosi jioni, kabla stima haijapotea,
nilikibandua kikapu chake cha kulalia
kutoka kwenye magurudumu.
Kibanio cha kushoto kiligoma, kama kawaida yake.
Nikakigonga kwa mpini wa mkasi, kikaachia.
Godoro lilikuwa limeshika umbo lake:
bonde la kichwa, bonde la makalio,
na harufu ya maziwa yaliyolala.

Miezi sita na nusu.
Siku za mwisho alikijaza
kama mguu ndani ya kiatu cha mwaka jana,
akashika kingo, akajiinua
kama mtu aliyesikia anaitwa na jirani.
Nyumbani tulishamkalisha kwenye karai, leso pande zote.
Kliniki, muuguzi alimwachia mikono,
akahesabu kimoyomoyo, akaandika kwenye kadi: Anakaa.
Neno moja. Nililisoma njia nzima.

Kiti kilikuwa juu ya kabati tangu Aprili.
Kilikuja pamoja na kigari, vyote mtumba, sokoni Kibuye.
Ochola alinipunguzia mia mbili
kwa kuwa pachiko la upande mmoja limevunjika.
"Kitakaa," alisema, "ila kitatazama mbele tu.
Kukigeuza akuangalie wewe, hapo hapana."
Nilikuwa na mimba ya miezi minane.
Mbele, nyuma, ya nini?
Nilitaka magurudumu.

Nilipokifua, ndani ya mshono nikakuta
makombo ya biskuti ya mtoto nisiyemjua
na soksi moja ya kijani.
Sikuitupa. Imo kwenye kopo la vifungo.

Dani Perez akaja, akaitazama mikanda.
"Mnamfunga kama mbuzi wa mnada?
Na huo mgongo wako una kazi gani?"
Mgongo wangu, dani, umeinamia cherehani
tangu saa mbili asubuhi hadi taa ziwake.
Sikumjibu hivyo. Nilimwongezea chai.

Jumatatu, njia ya Manyatta,
kokoto, mtaro, gurudumu moja linalia kwii, kwii.
Miezi sita mimi ndiye niliyekuwa anga yake:
nikicheka, kunakucha,
nikinuna, mawingu.
Leo ninachosukuma ni kofia, masikio mawili, kisogo.
Akupaye kisogo si mwenzio, walisema wahenga.
Wahenga hawakusukuma kigari.

Kwa sababu kisogo hiki kina maneno.
Kinageuka kushoto: kuku na vifaranga vyake.
Kinasimama: kijana anapuliza makaa ya pasi.
Kinainama, kinainama zaidi: dimbwi.
Yote nayapata kwa kuchelewa,
kama barua iliyofunguliwa na mwingine kwanza.
Wakapita watoto wa shule,
sare za buluu, pindo nilizozishona mwenyewe,
na miguu yake ikapiga hewa, ikapiga hewa.

Karibu na mashine ya kusaga nilishindwa.
Nikafunga breki, nikazunguka mbele, nikachuchumaa
nione kama bado ananifahamu.
Akanitazama. Akatabasamu, ndiyo, na udenda.
Kisha macho yakapita kando ya sikio langu.
Punda, na madumu manane ya maji.
Nilikuwa nimemkinga.

Nikasogea.

Sasa kikapu kiko chini ya meza ya kukatia,
kimejaa vipande vya kitambaa na kola zisizo na shati.
Yeye yuko kitini, mlangoni mwa kibanda,
anawakagua wateja kabla yangu.
Nimemvua kofia kwa ajili ya joto.
Pale nyuma kuna kipara, mviringo wa shilingi kumi,
alichokisugua kwa kulala chali akinitazama.
Nimeinama na uzi mdomoni.
Nywele zimeanza kuota.