Kiu ya Pili

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
saa kumi na moja na nusu alfajiri,
gari la wagonjwa hupiga honi moja, fupi.
Mbwa wa jirani habweki tena, ametuzoea.
Barabara inafuata tuta la mto Sava,
theluji ya jana imegeuka tope,
mpaka Brod, hospitali, ghorofa ya pili,
kiti cha nne, dirishani.

Sindano mbili, mkono wa kushoto.
Damu hutoka na joto lake
ikarudi imepoa kidogo,
kama mtoto aliyetumwa dukani akakawia.

Daktari Grgić anapita na faili.
Potasiamu? Imeshuka. Fosforasi? Imepanda.
Ulikula jibini? Nilionja.
Maji? Glasi nne, supu ikiwemo.
Uzito mkavu, kilo hamsini na tisa.

Mkavu. Neno hilo hunichoma.
Mdomo mkavu. Ngozi kavu, inayowasha usiku
hata nalala na soksi mikononi.
Na pale pengine, pakavu pia,
ambapo faili halina mstari.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja
hedhi ilipoanza utoro,
mwezi ipo, miezi miwili haipo,
kisha ikaacha shule kabisa.
Hamu nayo ikaondoka bila kuaga.
Kiu moja wananipimia kwa glasi.
Ile nyingine hakuna aliyeuliza imekwenda wapi.

Mijo hulala ukingoni mwa kitanda kama mgeni.
Anauogopa mkono wangu,
ule mshipa ulioungwa, unavuma chini ya ngozi,
nyuki ndani ya chupa.
Tulijaribu mara moja, usiku wa kuchinja nguruwe,
watu wameshaondoka, jiko lanuka vitunguu saumu.
Nikauuma mto, asisikie.
Alisikia.
"Samahani," akasema,
kama aliyemkanyaga mtu kwenye foleni ya benki.

Tangu hapo: Umechoka? Nimechoka.
Si uongo. Uchovu ni mlango wa kweli,
ila mimi ndiye niliyeufunga kwa ndani.

Halafu akaja muuguzi mpya, Mirna,
anayetafuna bazoka hata akipima presha.
Akaniuliza kama anayeuliza hali ya hewa:
"Na unyumba, Jadranka?"

Mashine ikanijibia, ikapiga kelele, taa nyekundu.
Akaizima kwa kidole, akangoja.
Kwenye kiti cha tano, bibi Kata,
miaka sabini na mitatu, tuliyedhani amelala,
akasema bila kufumbua macho:
"Mjibu, mwanangu.
Mimi sikuulizwa hata siku moja.
Marko wangu alikufa akiamini namchukia."

Nikajibu. Sikumbuki maneno.
Nakumbuka Mirna aliacha kutafuna.

Wakachukua chupa moja zaidi ya damu, ya homoni.
Wakaniandikia dawa ya kupaka, tyubu ndogo.
Zdenko wa duka la dawa, tuliyesoma naye,
akasoma maelekezo kwa sauti ya mtangaza mpira,
na nyuma yangu, na kikapu chake,
amesimama mwalimu wangu wa katekisimu.
Nililipa. Sikuomba mfuko.

Jumanne jioni Mijo anamenya viazi,
anavikata vidogo, anavilowesha mara mbili,
ndivyo walivyomfundisha, ili nisidhurike.
Niliusemesha mgongo wake:
"Si kwamba sikutaki.
Mwili umesahau njia. Inauma.
Kuna dawa. Alhamisi huwa nina nguvu kidogo."

Kisu kikasimama.
Bomba likadondosha tone, na jingine,
nami nikahesabu, kwa mazoea.

"Nilidhani ni mimi," akasema.
"Nilidhani ni harufu ya dizeli."

Miaka mitatu mtu anajisugua kwa sabuni ya mawe
kabla ya kupanda kitandani kwake!
Nilicheka hadi nikashika meza,
naye akageuka, macho yamelowa, kiazi mkononi,
hajui kama anaruhusiwa kucheka.

Kisha akamwaga maji ya kwanza ya viazi,
akatia mengine.
Alhamisi ilikuwa bado siku mbili.