Vijiko Vitatu vya Julai

Gari lilianza kukohoa asubuhi za baridi,
pale ninapotoka zamu ya usiku Pumwani
na jiji bado limejifunika kijivu.
Kwenye taa za Jogoo linasimama, linatetemeka
kama mtu aliyeambiwa asilie.

Musyimi wa Kariobangi hakuniuliza mengi.
Alivua saa, akaitia mfukoni,
akang'oa bomba la hewa, akasema, "Sista, chungulia."
Vali nane, na hata moja haikuonyesha chuma.
Ukoko. Mweusi, mkavu,
kama sufuria ya maharagwe iliyosahauliwa mekoni.

"Zamani petroli ilipitia hapa,
ikazisuuza vali njiani bila kutumwa.
Injini za siku hizi zina haraka:
petroli inarushwa moja kwa moja ndani ya silinda,
mlango haunawishwi tena.
Na injini ni kama aliyejifunika blanketi gubigubi,
inavuta pumzi iliyoitoa yenyewe.
Mvuke wa oili unarudi mlangoni, unaganda, unaokwa.
Kidogo. Kidogo. Kilomita elfu themanini."

Nami nikauliza swali la wagonjwa wote:
ningefanyaje nisifike hapa?

Alizisugua siku nzima kwa upepo
na maganda ya makadamia yaliyosagwa,
hadi nyusi zake zikawa za msaga unga.
Kisha akafunga kopo.
Dogo, la alumini, birika lisilo na mkono,
katikati ya mpira utokao kwenye oili na ule uendao kwenye hewa.
Ndani, wavu wa chuma:
mvuke uingie, upoe, upotee njia,
oili idondoke, hewa iendelee na safari.
"Halisafishi," akaonya. "Kilichokwisha ganda halikigusi.
Wala halinasi yote. Anayekuapia linanasa yote, mkimbie.
Na usipolimwaga, heri usingelifunga."

Mimi kazi yangu ni sindano.
Miaka kumi na tisa natoboa mapaja ya watoto
wanaonichukia kwa haki.
Ukutani kliniki pameandikwa kinga ni bora kuliko tiba,
na mtu kaponda mbu juu ya neno bora.
Mama anaondoka na kadi, sina cha kumwonyesha.
Surua isiyokuja haina picha.
Hakuna aliyewahi kurudi kuniambia: Sista,
leo mwanangu hakupooza.

Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi
napiga magoti kwenye maegesho ya Buruburu,
leso kiunoni, nafungua koki.
Bwana Wafubwa wa ghorofa ya pili anainama kwenye ukingo:
"Limekufa tena?"
"Halijafa. Namwaga ambacho hakikuliua."
Anatikisa kichwa, anarudi kwa redio yake.

Februari, kijiko kimoja, cheusi, kinanuka petroli.
Julai, vijiko vitatu, rangi ya chai ya maziwa,
kwa kuwa baridi inachanganya maji na oili,
na safari zangu fupi haziipi injini nafasi ya kupata joto.
Simwagi mtaroni. Mtaro waijua njia ya mto,
na mto umekunywa ya kutosha.
Natia kwenye chupa, naiandika SUMU kwa kalamu ya wodi,
nitaipeleka kwenye mtungi wa Musyimi.

Lakini kwanza naiinua juani.
Hiki hapa. Hiki kingekuwa ukoko.
Ugonjwa ambao haukufika, umekaa chupani,
una uzito, una rangi, una harufu mbaya.
Natamani ningewapa wale akina mama
chupa moja tu ya surua iliyopotea njia,
waishike,
waione inavyoteremka polepole ukutani mwa chupa.

Kisha nafunga koki.
Robo mzunguko, alisema Musyimi.
Usikaze kwa hasira.