Mashine Imekwama

Januari, Kokubelwa alinibandikia karatasi ukutani,
juu ya swichi, kando ya bei za laminesheni:
vitabu kumi na viwili, kila mwezi kimoja,
na visiwepo viwili vya ukoo mmoja.
Kimoja cha nchi usiyoijua hata bendera yake.
Kimoja kilichozaliwa kabla ya mama yako.
Kimoja cha mtu ambaye mkikaa meza moja mtagombana.
Mashairi. Nyota na sayari. Cha watoto.
Kile ulichokikimbia shuleni.
"Atakayelegea atanunua mishikaki," akasema,
akanitazama mimi.

Alikuwa na haki.
Miaka tisa nina steshenari hapa Sinza,
nimetoa kopi hadi kidole gumba kikafutika,
watu wa NIDA walihangaika kukisoma.
Vitabu nilivijua kwa migongo tu:
kinene kinavyogoma kulala kwenye kioo,
cha zamani kinavyokohoa vumbi.
Taa ya kijani inapita chini ya sentensi,
yenyewe inasoma,
mimi nahesabu mia mia.

Nikaanza na chembamba, ujanja wa mvivu.
Machi, kile cha nchi ya theluji:
mvua inapiga bati, Jangwani pamefungwa, mteja hakuna,
nami nimejifunga kanga mbili
kwa baridi ya watu wengine.
Mei, yule wa kugombana naye. Tuligombana.
Niliandika pembeni kwa penseli: Muongo. Muongo tena.
Ukurasa wa tisini nikaandika: Hapa sawa.
Nikafuta.
Nikaandika tena.

Ndimbo, mpima ardhi mstaafu, alikwama kwenye mashairi miezi miwili;
alisema yanapimwa kwa hatua, yeye amezoea kamba.
Tumsifu alishikilia kuwa kitabu cha kusikiliza nacho ni kitabu,
tukabishana mpaka chai ikashika utando.

Julai mama alilazwa Mwananyamala.
Nilimsomea kile cha watoto, cha kenge aliyekopa mvua.
Nesi alisimama mlangoni na sindano yake
hadi kenge alipolipa deni.

Oktoba: kitabu kilichosahauliwa na mtu.
Chini ya kaunta ninao yatima,
kopi zilizofungwa spairo ambazo wenyewe hawakurudi.
Nikavuta ya juu. Kwa maka pen: Hezroni, Fizikia, mwaka wa pili.
Haikuwa fizikia hata kidogo.
Ilikuwa riwaya ya mjane fundi redio,
na kila redio aliyoifungua
ilikuwa na sauti ya mtu anayemdai.
Nilisoma kati ya mteja na mteja,
nilisoma umeme ulipokatika, kwa tochi ya simu,
nikampa mtu cheti cha kuzaliwa cha mwenzake.

Ijumaa moja ya Novemba, saa kumi na moja jioni,
kijana akaegemea kaunta, amekonda kwa mitihani.
"Dada, samahani, ile kopi yangu ya tangu Aprili..."
Zilibaki kurasa arobaini.
Ilikuwa hapo chini, imelala kifudifudi,
kama mtoto anayejificha na miguu inaonekana.
Nikaweka mkono juu ya mashine, inayonguruma vizuri kabisa.
"Njoo Jumatatu," nikasema. "Mashine imekwama."
Mashine ikatoa karatasi moja, safi, mbele yake.
Tukaitazama wote wawili.

Jumatatu akalipa elfu sita mia tano.
Hakuuliza kuhusu doa la chai ukurasa wa mwisho.
Alikuwa keshavuka kizingiti alipogeuka:
"Ni kizuri?"
Nikajifanya natafuta chenji.
"Ukifika sura ya tisa," nikamwambia,
"funga mlango kwanza."

Nafasi mbili ziko wazi ukutani, na Desemba ndiyo hii.
Mishikaki nitanunua mimi.