Nambari 4418

Vahram, wewe ulifungua, hukufunga.
Nimesoma msimbo wako tangu saa mbili usiku,
hita ikinichoma goti, dirisha likinigandisha bega,
na Gyumri nje imezama thelujini hadi vizingiti.
Ukurasa baada ya ukurasa: fungua, fungua, fungua.
Hodari wa kubisha hodi,
kuaga hujui.

Miunganisho tunayo kumi na miwili tu,
kama viti vya ukumbi wa mapokezi,
na kila kosa lilipotokea programu yako iliruka dirishani
ikaacha koti lake limekalia kiti.
Leo, siku ya pensheni, saa nne asubuhi,
makoti kumi na mawili yalikuwa yamekaa
na watu wamesimama hadi barabarani.
Seva haikufa. Ingekufa ningeelewa.
Ilingoja tu, kwa adabu,
makoti yainuke.

Mama Shoghakat akafika kwenye kioo.
"Nimemtumia mjukuu elfu thelathini, yuko Yerevan.
Kwangu zimetoka. Kwake hazijaingia.
Ziko njiani?"
Nikatazama. Mstari wa kwanza, toa: umeandikwa.
Mstari wa pili, weka: haukupata kiti.
Ningemwambiaje?
Humu ndani hamna njia, mama.
Hamna basi lililokwama mlimani, hamna tarishi mlevi.
Kuna hapa na kuna pale,
na dramu zisizo hapa wala pale
hazikuchelewa. Hazipo.
Nikasema, "Njoo kesho."
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa njoo kesho
na serikali tatu.

Kwa hiyo usiku huu nimezifunga kamba moja, toa na weka.

Anza.
    Toa kwa huyu.
    Weka kwa yule.
Thibitisha.

Kikikwama chochote humo kati, rudisha vyote,
hakuna nusu ya kuvuka.
Na chini kabisa neno ulilokuwa ukiliruka:
hatimaye.
Hatimaye, funga. Umeshinda, funga.
Umeshindwa, funga.
Umepotea katikati ya sentensi, chukua koti lako
mwenzio akae.

Nilitaka kujaribu, na sikutaka kugusa pesa ya mtu.
Nikatoa elfu moja yangu
kwenda kwenye akaunti yako,
ambayo nayo, Vahram, hukuifunga.
Kabla ya kuweka nikachomoa waya wa mtandao kwa mkono wangu.
Kimya. Feni zikahema.
Nikarudisha waya, nikauliza salio:
elfu yangu imekaa palepale, haina hata jasho,
kana kwamba haikuwahi kuinuka.
Nikacheka peke yangu, kwa sauti, hadi mlinzi akachungulia.
Kisha nikamlipa mjukuu.
Kisha nikalala mezani, shavu kwenye kibodi,
nikaandika kurasa tisa za herufi j.

Asubuhi Baghdasar wa ukaguzi akaja na rula yake,
akiishusha taratibu kwenye orodha ya stakabadhi.
4416. 4417. 4419.
Rula ikasita.
"Nvard jan, 4418 iko wapi? Nani kaila?"
Nikamweleza: kila kitu hurudi nyuma isipokuwa hesabu.
Muamala ukianza hukatiwa tiketi.
Muamala ukifutwa, pesa hurudi, salio hurudi,
tiketi hairudi kitabuni.
Hakuna aliyeiba. Hakuna kilichopotea.
"Kama hakuna kilichopotea," akasema, "mbona kuna shimo?"

Sikuwa na jibu la saa mbili asubuhi.
Nyuma ya kioo Mama Shoghakat alikuwa wa tatu,
simu sikioni, akicheka na mtu wa Yerevan,
hajui kwamba hana tena haja ya foleni.
Baghdasar akapekua daftari lake lote.
Halina safu ya vitu vilivyotaka kuwa.
Mwishowe akanisukumia kalamu,
"Andika wewe, shimo ni lako,"
nami nikaandika, herufi ndogo, kati ya 4417 na 4419:

ilianza.