Dawa ya Kutu

Chupa ilifika na basi la asubuhi kutoka Mtwara,
imeviringishwa kanga, kanga imetiwa kwenye rambo,
juu yake kwa peni ya kijani:
MZEE LIKAPA, FUNDI BAISKELI, NEWALA.
Vidonge sitini, vyekundu kama taa ya nyuma.
Kwenye lebo, tunda nisilolijua,
linang'aa, halina hata nzi.

Zamda, mjukuu wangu wa kidato cha pili,
akakisoma Kiingereza chake, kidole kwenye mstari:
"Babu, wanasema mwilini mnaingia kutu.
Hewa ileile unayovuta ndiyo inayokula,
na hivi vinazuia. Moyo unapata nguvu."

Nilicheka hadi nikakohoa.
Kutu! Mimi?
Miaka thelathini na nane naishi na kutu
kama mtu na shemeji yake.
Naijua ya masika, inayoanzia chini ya kengele.
Naijua ya chumvi, ya baiskeli zilizokaa pwani,
inatafuna rimu kimyakimya, nje rangi bado mpya.
Kumbe nami ni chuma.
Haya, Somoe mwanangu, nipake grisi.

Kimoja asubuhi, kimoja usiku.
Wiki ya kwanza nguvu niliziona, wallahi:
nikashuka bondeni na dumu, nikapanda nalo
bila kupumzika kwenye lile jiwe.
Nikamtangazia Nandonde, nikawatangazia wateja,
hata mwenye pancha tu alisikia habari za moyo wangu.

Wiki ya tatu, jiwe likaniita.
Nikakaa. Kifua kinagonga
kama nyundo kwenye rimu iliyopinda,
dumu limelala ubavu, maji yanarudi kwao bondeni,
na Ruvuma kule chini, nyembamba, kama waya wa breki.

Zahanati, Nesi Tekla akanifunga kitambaa mkononi,
akapampu,
vilevile ninavyopampu mimi,
akasikiliza upepo ukitoka.
"Mia na themanini. Zile nyeupe za presha unameza?"

Zile nyeupe.
Zilikuwa kwenye kopo la valvu tangu Mfungo Mosi.
Ndogo, chungu, hazina picha ya tunda.
Nani angekaa nazo baada ya kuona nyekundu?

Akaigeuza chupa ya Somoe, akaitazama chini na juu.
"Sijui hizi zinamfaa nani zaidi,
wewe au aliyeziuza. Nyeupe ndizo usiache.
Mzee, spoku imekatika, wewe unapaka rangi?"
Nikanyamaza. Nani alimfundisha huyu
lugha ya karakana yangu?

Njiani Zamda akaropoka bei: elfu tisini.
Nikapiga hesabu mpaka nyumbani.
Kidonge kimoja, pancha tatu.
Na Somoe anabangua korosho kwa kilo,
vidole vyake vimeungua mafuta ya ganda,
anatoa nyeupe nzima, isiyovunjika,
anaipeleka mezani pa mtu mwingine.
Nyekundu nilizimaliza. Ningetupaje?
Kila nikimeza naona kidole.

Sasa chupa ina golori.
Ishirini na mbili, za kitovu cha gurudumu la mbele,
nimeziosha kwa mafuta ya taa.
Saa mbili usiku simu inalia.
"Baba, umekunywa dawa?"
Nasogeza chupa karibu na simu, naitikisa:
chakara, chakara.
"Nasikia," anasema. "Bado zipo nyingi?"
"Zipo, mama. Usitume nyingine kwanza."

Anaanza kunisimulia siku yake,
msimamizi, kodi ya chumba, mvua ya Shangani.
Mkono wangu mwingine uko kwenye kopo la valvu,
unapapasa gizani,
unatafuta ile ndogo.