N Yenye Unyusi

Darasa la tatu B, Al Khoudh. Kiyoyozi kinakoroma
kama mjomba aliyeshiba wali,
na ubaoni Maestra Yolima ameandika herufi moja tu:
N, juu yake mkunjo wa chaki.
Azzan akasema ni N iliyoinua unyusi,
inashangaa imefikaje Oman.

Maestra alitoka Kolombia, mji wa mvua kila alasiri.
Alitwambia siku ya kwanza, tukamwonea gere.
Kila alasiri! Sisi ikinyesha shule hufungwa,
na wadi huchukua magari ya watu.

Alianza na mbwa: perro.
Darasa zima likajibu berro.
Haukuwa utukutu. Kiarabu hakina P,
midomo yao haikufunzwa kupasuka hivyo.
Akashika karatasi mbele ya mdomo, akasema perro,
karatasi ikaruka.
Akajaribu Mayyasa; karatasi ikatulia kama Ijumaa mchana.
Al-Muhannad akapuliza mpaka ikaingia chini ya kabati,
lakini alichosema kilikuwa berro vilevile.

Mimi dawati la nyuma, natazama viatu vyangu.

Maana mwaka mzima nilikificha Kiswahili
kama jino linalotikisika,
tangu bibi aliponiita pale getini, mbele ya mabasi yote,
"Njoo, pakacha langu!"
Pakacha, kwa kuwa navuja, sina siri inayolala.
Wakalichukua jina wakalichezea wiki nzima:
Bakacha! Bakacha!
Hata kunidhihaki hawakuweza sawasawa.
Na mimi nivujaye, hilo moja nikaliziba.

"Na wewe, Thureya?"

Nikafikiria papai, pilipili, pipa la maji,
bibi akimfukuza paka jikoni, pita huko, pita!
Nikafungua mdomo.
Karatasi ikaruka ikatua juu ya miwani ya Maestra.

Lakini R, ile inayobingirika, ilinitoka nyembamba,
uzi wa kushonea kitufe.
R ilikuwa ya Azzan; aliivurumisha
kama gari la baba yake likipanda mchanga.
Basi mimi nikatoa kichwa, yeye akatoa mkia,
tukamtengeneza mbwa mmoja watu wawili.

Kisha ile yenye unyusi. Niño, mtoto.
Wakasema nino, wakasema niniyo,
mmoja akapiga chafya katikati.
Mimi nikaisema bila kujua kuwa naisema,
kama mtu anavyokaa kwenye kiti chake.
Maestra akageuka. "Umejifunza wapi?"

Kiyoyozi. Vichwa ishirini na sita.
Pakacha likavuja:
"Nyumbani."

Akaniomba niliandike kwa lugha ya kwetu.
Nikaandika nyumba.
Akaifuta N na Y kwa kidole, akaweka herufi yake:
ñumba.
Tukaitazama. Nyumba yetu imeinua unyusi.

Jioni nikamfundisha bibi: mesa, bandera.
Akasita, kisu juu ya kitunguu.
"Mwambie mwalimu wenu meza tunayo zamani,
na bendera pia. Hatukopi."
Lakini usiku nilimsikia, peke yake, anajaribu perro, perro,
naye hapendi mbwa kabisa.

Alhamisi ya kufunga shule tulivunja piñata,
punda wa magazeti, miguu yake bei za nyama na vipindi vya sala.
Badala ya peremende, Maestra alijaza tende na tofi.
Sote tulikuwa sakafuni, makalio juu, tunagombania,
Mayyasa aliponivuta pembeni na kipande cha sikio la punda.
Akakishika mbele ya mdomo wake.
Akakunja midomo, mashavu yakajaa, macho yakamtoka.

"Pakacha!"

Karatasi ikaruka.

Sikujua nikasirike au nimpigie makofi.
Nikampa tende, kubwa,
nikamwambia arudie.